Buluu Inayoiva Dirishani

Siku ya kwanza kazini nilifika na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili, na kabla sijaonyeshwa pa kuweka mkoba nikaonyeshwa slaidi. Mkuu wa Maabara, Mzee Kaaya, alikuwa ameshaitega kwenye hadubini. Alinionyesha stuli kwa kidevu.

"Kaa. Unaona nini?"

Nilitazama. Vitone vya duara, vya zambarau iliyokolea, vimekusanyika kwa vishada. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na alama nzuri, na jibu lilifika mdomoni kabla jicho halijatulia.

"Stafilokokasi."

"Sikukuuliza jina. Nimekuuliza unaona nini."

"Vitone, mzee. Vya duara. Vimekaa kwa vishada."

"Vyote vina ukubwa mmoja?"

Nikarudisha jicho. Havikuwa. Kimoja kilikuwa kikubwa mara tatu ya jirani yake, kingine kilikuwa na pembe kama chembe ya chumvi. Nikasema hapana, sauti imeshuka.

"Bakteria wa aina moja hawapishani ukubwa namna hiyo, wala hawana pembe. Hayo ni mabaki ya rangi, Profesa. Rangi haikuchujwa, ikagandia kwenye kioo. Hapo hakuna mdudu hata mmoja."

Maabara nzima ilicheka, na jina la Profesa likanishika siku hiyohiyo. Jina langu halisi ni Nsia, lakini kuna wafugaji kule Ngaramtoni ambao hadi leo hawalijui.

Nina miaka thelathini na tatu. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi, waliokwishaagwa kwa hotuba na zawadi ya saa ya ukutani. Mimi sijastaafu, iliyostaafu ni meza yangu. Mwezi uliopita maabara yetu ya mifugo, hapa Arusha mjini, ilifungiwa mashine ya kusoma vinasaba, na sampuli nyingi sasa zinapita huko bila jicho la mtu kuziona. Nimehamishiwa kwenye mashine. Nimeona niandike jinsi kazi ya jicho ilivyofanywa, kabla sijaanza kuisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa meza ya maziwa. Wafugaji wadogo wa Kikwe, wenye ng'ombe wawili watatu wa ndani, walituletea maziwa ya ng'ombe waliovimba kiwele, na kazi yetu ilikuwa kusema ni mdudu gani. Tone la maziwa linatandazwa kwenye kioo, linakaushwa, linapitishwa juu ya moto ili lishike, kisha linaogeshwa kwa rangi ya zambarau, iodini, spiriti, na mwisho rangi nyekundu. Bakteria mwenye ukuta mnene huishikilia zambarau hata akioshwa kwa spiriti. Mwenye ukuta mwembamba huipoteza, akaishia kuwa mwekundu. Hilo ni swali la kwanza, na lina majibu mawili tu.

Swali la pili ni umbo. Wapo wa duara, wanaoitwa kokasi. Wapo wa fimbo, wanaoitwa basili. Wapo waliojipinda, kuanzia wa mpindo mmoja kama mwezi mchanga hadi wa mizunguko mingi kama waya wa springi. Baada ya umbo unatazama mkao. Kokasi wakigawanyika kila upande hukaa kwa vishada, na Mzee Kaaya, ambaye ni mkulima wa kahawa huko kwao mlimani, alisema wanafanana na buni zilizobanana kwenye fundo la tawi. Wakigawanyika upande mmoja tu hukaa kwa mnyororo kama shanga. Tofauti hiyo ndogo ya mkao ilitosha kumwambia mama wa Kikwe kama awatenge ng'ombe wake au aanze kwa kunawa mikono vizuri zaidi.

Nilibishana na mambo hayo tangu wiki ya kwanza. Chuoni tulifundishwa kwamba umbo halisemi ukoo. Bakteria wawili wanaweza kufanana kama mapacha chini ya lenzi na wakawa mbali kinasaba kuliko mimi na mgomba. Nilimwambia hivyo Mkuu wa Maabara, mbele ya watu, wakati wa chai.

"Mzee, tunawapanga viumbe kwa sura. Ni sawa na kuwapanga watu wa Arusha kwa kofia."

Alitafuna andazi lake hadi likaisha. "Nani kakwambia tunawapanga? Umbo halikupi jina, mwanangu. Linakupunguzia maswali. Ulikuwa na maswali mia, ukitazama vizuri unabaki na matano. Hayo matano ndiyo unayopeleka kwenye kuotesha wadudu, kwenye kupima ni sukari gani wanakula, kwenye hivyo vinasaba vyako."

"Na kama jicho limekosea?"

"Ndiyo maana kuna daftari."

Daftari lenyewe lilikuwa la kaunta, kubwa, la michoro tu. Sheria yake ilikuwa hivi: sampuli ikifika, fomu inalazwa kifudifudi mezani. Huruhusiwi kuisoma. Unatazama slaidi, unachora kwa penseli ulichokiona, unaandika vipimo na mkao, unaweka saini, ndipo unageuza fomu na kusoma mnyama ana shida gani. Mzee Kaaya alisema ukisoma fomu kwanza, jicho litakuonyesha kilichoandikwa kwenye fomu. Kila alasiri, kabla ya kwenda nyumbani, alipitia michoro ya siku na kuweka herufi ya jina lake pembeni ya kila mmoja.

Kwa miezi kadhaa niliiona sheria hiyo kuwa ya kupotezeana muda. Nani anachora katika zama za kamera? Nilikuja kuelewa, polepole na bila kumwambia, kwamba mzee yule alikuwa na mashaka kuliko mimi. Mimi nilitilia shaka vitabu, wakubwa na taratibu. Yeye alitilia shaka macho yake mwenyewe, tena kila siku, na alikuwa ameyawekea utaratibu.

Baadaye nilihamishiwa meza ya damu, na hapo ndipo ilipo habari ninayotaka kuisema.

Meza ya damu ilikuwa kwenye dirisha linalotazama mlima. Ugonjwa tuliouogopa kuliko yote hapo ni kimeta. Ng'ombe anaamka mzima, jioni amelala chini, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Ukimchuna au ukimla, unajiambukiza. Na ukimpasua, mdudu akikutana na hewa anajifungia ndani ya mbegu ngumu inayoweza kukaa ardhini miaka na miaka. Kwa hiyo ng'ombe wa namna hiyo hapasuliwi. Afisa mifugo anachukua tone la damu kutoka sikioni, analipaka kwenye kioo, na mwenye ng'ombe anasubiri neno letu: azike au achune.

Mdudu wa kimeta ni fimbo kubwa yenye ncha bapa, kana kwamba imekatwa kwa msumeno, na hukaa wawili, watatu, kwa mstari, kama mapingili ya mwanzi. Shida ni kwamba mzoga ukianza kuoza, fimbo nyingine kutoka tumboni huingia kwenye damu. Hizo nyingi zina ncha za mviringo, lakini kwa jicho la haraka zinafanana na zile. Kinachotenganisha zaidi ni koti. Mdudu wa kimeta anapokuwa ndani ya mnyama huvaa koti la ute, na ukimpaka buluu ya methilini, fimbo inakuwa ya buluu na koti linaonekana kama ukungu wa pinki kuizunguka. Ukiona pinki hiyo huisahau.

Sasa, pale dirishani palikuwa na chupa. Ilikuwa na kimiminika cha buluu nzito, mdomo wake umezibwa kwa pamba badala ya kifuniko, haina lebo wala tarehe. Tulikuwa tunajiandaa kukaguliwa, na nilikuwa nimepewa kazi ya kuondoa kila kitu kisicho na tarehe. Mzee Kaaya alikuwa anajiandaa kwenda likizo ya wiki mbili kuchuma kahawa. Nikamwuliza akiwa mlangoni, mkoba begani.

"Mzee, hii chupa ya dirishani ni ya nini?"

"Hiyo iache. Bado inaiva."

Akaenda zake. Nilicheka. Kinachoiva ni ndizi, nikajiambia, kemikali huharibika. Nilifungua mwongozo wetu, ukasema gramu ngapi za unga wa buluu, maji kiasi gani, basi. Haukusema neno juu ya kuiva. Nikaimwaga chupa ile, na kile kichupa cha rangi ya zamani tuliyokuwa tunaitumia nikakimwaga pia. Nikachanganya rangi mpya, nikaiweka lebo nzuri yenye tarehe na saini yangu. Ukaguzi ukapita. Tulisifiwa kwa meza safi.

Siku aliyorudi kutoka likizo, Mzee Kaaya alipitiliza mkutanoni bila kupita maabara. Kabla ya saa tano asubuhi akafika Dada Rehema, afisa mifugo wa upande wa Ngaramtoni, mtoto wa mjini asiyeogopa tope wala madume ya ng'ombe. Alileta slaidi mbili, maana siku zote alipaka mbili.

"Profesa, fanya haraka mdogo wangu. Mzee Laizer ana watu wameshanoa visu, na mimi nimewaambia atakayegusa nitamchapa."

"Fomu chini."

"Fomu chini, najua. Mna mambo nyie." Akaondoka kurudi kazini.

Niliipaka slaidi ya kwanza rangi yangu mpya. Nikatazama. Fimbo kubwa za buluu, tatu kwa mstari. Nikachora. Nilichora kwa uangalifu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona fahari kwenye michoro yangu. Nikaweka saini, nikageuza fomu: ng'ombe jike, amekufa ghafla, damu puani. Nikarudi kwenye lenzi kutafuta pinki. Nilizunguka kioo chote. Hakuna pinki. Buluu tupu.

Kitabu kilisema wazi: hakuna koti, si kimeta. Nilijiridhisha kwamba ni fimbo za kuoza. Nikampigia Dada Rehema.

"Si kimeta."

"Una hakika?"

"Hakuna koti, dada. Nimetazama kioo kizima."

"Haya. Nawaambia wachune."

Saa tisa alasiri Mzee Kaaya aliingia, akajimiminia chai, akafungua daftari. Nilikuwa naosha vioo. Nilimsikia akiacha kufunua kurasa.

"Nsia." Hakuniita Profesa. "Hizi ncha umezichora bapa kwa sababu penseli imeteleza, au ndivyo ulivyoziona?"

"Ndivyo nilivyoziona, mzee."

"Zote?"

"Zote."

"Halafu umeandika si kimeta."

"Hakukuwa na pinki."

Aliinua macho kutoka kwenye daftari, akatazama dirishani. Alitazama muda mrefu mahali pasipo na kitu.

"Ile chupa iko wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na tarehe, na lebo, na mkaguzi. Nilijisikia nikiongea haraka. Aliweka kikombe chini, akaenda kwenye mfuko wake wa safari za vijijini, akatoa kichupa kidogo chenye matone machache mazito ya buluu ya zamani chini. "Mpigie Rehema. Usiache kupiga." Simu iliita bila kupokelewa, ikaita tena. Yeye alipaka slaidi ya pili, akahesabu sekunde kwa midomo, akaosha, akakausha, akaniita.

"Unaona nini?"

"Fimbo. Ncha bapa. Tatu kwa mstari. Zimezungukwa na pinki."

"Sasa sema jina."

Nilisema.

Buluu ya methilini ikiwa mpya ni buluu tu. Inahitaji kuachwa miezi mingi, hata mwaka, kwenye mwanga, na hewa ikiingia taratibu kupitia pamba. Sehemu yake inageuka kuwa rangi nyingine, na hizo rangi nyingine ndizo zinazolipa koti la kimeta pinki yake. Inaiva. Hakukuwa na neno bora zaidi la kulieleza jambo hilo, na mzee alikuwa amenipa neno hilohilo.

Tulichukua gari la maabara tukashika barabara ya Nairobi. Ilikuwa siku ya mnada Ngaramtoni, mbuzi wamejaa hadi kwenye lami, na Mzee Kaaya, mtu asiyepiga honi, alipiga honi. Dada Rehema alikuwa katikati ya mnada, simu ndani ya mkoba, hasikii kitu. Tulimpakia humohumo na kupanda kuelekea Olmotonyi. Njia nzima nilitamani mmoja wao anitukane.

Tulimkuta ng'ombe ameshachunwa. Nyama ilikuwa imepangwa juu ya majani ya mgomba, mafungu kwa mafungu, na wanawake wameshika ndoo. Hakuna aliyekuwa ameondoka nayo bado. Walimsubiri ndugu mkubwa wa Mzee Laizer agawe, na ndugu huyo alikuwa amechelewa mnadani, pengine nyuma ya mbuzi walewale waliotuchelewesha.

Mzee Laizer alisimama na kisu mkononi, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Dada Rehema akaniangalia. Nikaelewa kwamba ni mimi wa kusema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyesema si kimeta. Nilikosea. Ni kimeta."

Alinitazama kama anayetafuta mtu mkubwa zaidi nyuma yangu. "Asubuhi umetazama kwa ile mashine yako?"

"Nilitazama."

"Na mchana umetazama tena?"

"Ndiyo."

"Na kesho ukitazama?"

Watu walicheka, kicheko kisicho na furaha. Mwanamke mmoja alisema kwa Kimaa jambo ambalo Dada Rehema alikataa kunitafsiria. Mzee Kaaya akasogea, akamwamkia mwenzake kwa jina, akasema, "Laizer, aliona sawasawa. Mimi ndiye sikumpa cha kuonea."

Hatukurudi mjini hadi shimo lilipochimbwa, nyama na ngozi vikateketezwa, majivu yakafukiwa kwa chokaa. Ng'ombe mzima wa maziwa, na familia ile ikabaki na maziwa ya kununua. Waliogusa damu walipelekwa zahanati wakapewa dawa. Siku chache baadaye Mzee Laizer alitokwa na kidonda kwenye mkono, cheusi katikati, kisichouma. Kilipona kwa dawa. Kovu limebaki, na kila nikipita Ngaramtoni siku ya mnada huniona kabla sijamwona, hukunja mkono wa shati na kusema kwa sauti ya kutosha watu kumi, "Profesa! Njoo usome saini yako!" Naenda. Naisoma. Kisha ananiuliza habari za nyumbani.

Asubuhi baada ya safari ile ya Olmotonyi Mkuu wa Maabara aliandika taarifa. Aliandika kwamba chupa haikuwa na lebo wala maelezo, na kwamba kosa hilo lilikuwa lake. Nilimwambia si kweli.

"Ni kweli nusu," alisema. "Miaka yote sikuandika sababu, nikadhani kila mtu anaijua. Hiyo ni yangu."

"Lakini nilikuuliza, mzee. Na ulinijibu."

"Uliniuliza. Kisha ukajijibu mwenyewe. Hiyo ni yako."

Siku hiyo nilichanganya buluu mpya, nikaziba kwa pamba, nikaiweka dirishani. Tulipokuwa tukiisubiri iive, tuliazima iliyoiva kwa wenzetu wa maabara nyingine. Kila Ijumaa nilichukua tone moja na kulijaribu kwenye slaidi ya zamani ya kimeta. Miezi ilipita ni buluu tupu. Asubuhi moja ukungu ukatokea, hafifu, wa pinki, na nilikaa pale nikitazama hadi chai ikapoa. Mzee Kaaya alikuwa ameshastaafu, yuko mlimani na kahawa yake. Nilimpigia simu. Aliniuliza, "Unaona nini?"

Sijaacha mashaka yangu. Bado naamini umbo ni ushahidi mwembamba, na kwamba mashine ya vinasaba itaonyesha kuwa baadhi ya ndugu tuliowaweka kwenye ukoo mmoja hawakuwahi kuwa ndugu. Nafurahi imekuja. Ila nimeshaona kwamba mashine nayo huletewa fomu, na mara nyingi fomu hiyo imesomwa kwanza. Nauliza maswali kuliko zamani. Nilichojifunza ni kwamba kuuliza ni nusu ya kazi, na kwamba kwa muda mrefu niliifanya nusu hiyo tu, nikajiita mdadisi.

Ijumaa iliyopita nilihamisha vitu vyangu. Mezani, kwa sampuli chache ambazo bado zinahitaji jicho, nilimwacha Upendo, mhitimu aliyekuja mwezi huo, mwepesi wa akili na wa ulimi. Chupa ya dirishani sasa ina lebo: imechanganywa lini, na nani, isimwagwe, na sababu yake kwa mistari minne. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkoba begani, aliponiita.

"Dada Nsia, hii buluu imepita muda wake mara mbili. Nimesoma lebo, lakini sijaridhika. Kwa nini tusitumie mpya tu?"

Nje gari lilikuwa linanisubiri. Nikatua mkoba sakafuni, nikavuta stuli mbili.

"Toa slaidi mbili," nikamwambia. "Moja uipake hii, nyingine uipake mpya. Na hiyo fomu igeuze chini."